Siku Niliyomfuata Kalunde Inyonga

Tangu nistaafu, wanangu, nimekuwa mtu wa kulala mchana. Zamani nilikuwa nawacheka wazee wanaosinzia kwenye kiti na mdomo wazi, sasa mdomo ulio wazi ni wangu. Na kila nikisinzia, darasa linakuja. Watoto siwaoni, nawasikia tu. Mmoja anasema "tamaki", mwingine "thatha hivi", na mwingine yuko nyuma kabisa ananong'ona neno ambalo halijapata mwisho. Nalala hapo barazani kwangu Makanyagio, bodaboda zinapita na vumbi lao, na zile sauti zinaingia na kutoka taratibu. Nikiamka nakuta chai imepoa na inzi ameshaionja.

Neema, binti wa jirani yangu aliyeanza mwaka huu kufundisha darasa la awali, alinikuta katika hali hiyo juzi. Akangoja nipanguse mate, kisha akasema, "Bibi Mwalimu, nina watoto watatu darasani hawatamki vizuri. Nifanyeje?" Nikamwambia akae. Alikaa mpaka kivuli cha nyumba kikahamia upande wa pili, halafu akaniomba niandike kwa ajili yake na wenzake, yaani nyie walimu wadogo mnaofundisha huku simu inawalia mfukoni. Basi naandika. Nitaruka huku na huku, maana ndivyo kichwa changu kinavyokumbuka. Ila kuna mtoto mmoja nitakayemrudia kila mara, anaitwa Kalunde. Nilimkosea mara mbili, na kosa la pili nusura limfikishe kwenye kisu.

Kosa la kwanza lilitokana na jina langu. Naitwa Restituta Kasanda. Nilibatizwa jina hilo kwetu Mpimbwe, katikati ya mashamba ya mpunga, na tangu nikiwa mdogo niliona ni jina la mtu mkubwa. Nilipopata kazi ya ualimu mjini Mpanda, nikaweka utaratibu wangu wa kuita mahudhurio: nikimwita mtoto, anasimama na kuitikia, "Nipo, Mwalimu Restituta." Hebu fikirieni. Mtoto wa miaka mitano, meno ya mbele hana, umpe jina kama hilo alibebe kila asubuhi! Lakini nilikuwa kijana, nalipenda jina langu, nikalitaka lote.

Kalunde alikuwa na miaka mitano. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, na gauni lake lilinukia moshi na asali kwa sababu babu yake, Mzee Luhende, alikuwa mrina asali. Mama yake alikuwa kwenye mashamba ya tumbaku upande wa Inyonga, kwa hiyo mtoto aliishi na babu hapa mjini ili asome. Alikuwa anaongea sana, na alichokisema sisi wengine tulikipata nusu. Asubuhi hiyo nilimwita, akasimama kwa furaha, akasema, "Nipo, Mwayimu Tetituta."

Darasa likacheka. Ningeita jina linalofuata, habari ingeishia hapo. Badala yake nikamtoa mbele. Karibu na mlango palikuwa na ufa kwenye sakafu, nikamwambia asimame juu yake asitoke mpaka aseme vizuri. "Re-sti-tu-ta. Sema tena." Akasema Tetituta. "Sema tena." Kengele ya uji ikalia, wenzake wakatoka na vikombe vyao, yeye nikambakiza. "Sema tena." Nadhani tulifika mara ya ishirini, ndipo akafunga mdomo, na hakuufungua tena. Kesho yake nilipoita jina lake alinyoosha mkono tu. Kesho kutwa vilevile. Wiki zikapita, Kalunde akawa mtoto wa kunyoosha mkono, na mimi nikaandika kwenye daftari langu neno moja: mkaidi. Naona aibu kuliandika hapa, lakini ndivyo nilivyoandika.

Kama mngekuwa karibu yangu wakati ule mngenieleza mambo ambayo leo nawaeleza nyie. Kwanza, sauti zinakuja kwa zamu. Mtoto anaanza na zile za midomo, mama, baba, pipi. Zile za k na t zinafuata. Halafu s na z na sh, na r ndiyo inayokuja imechelewa kuliko zote, imejifunga mkanda, inatetemeka. Mtoto wa miaka mitatu akisema "tamaki" badala ya samaki, mwacheni ale samaki wake. Hata r ya mtoto wa miaka mitano isiwakoseshe usingizi. Cha kuangalia ni kama mgeni anamwelewa. Mtoto wa miaka minne ambaye mama tu ndiye anayemwelewa, na mgeni anabaki kutabasamu bila kujua ameambiwa nini, huyo aangaliwe na wataalamu.

Pili, anzeni na masikio. Niliwahi kuwa na mtoto niliyemwona mjeuri kwa miezi mitatu, hajibu, na akijibu maneno yanatoka hayana ncha. Siku moja nikamsogelea kumfunga kifungo cha shati, nikasikia harufu. Sikio lilikuwa linatoa usaha tangu msimu wa mvua. Alitibiwa, akakaa mbele, na ule ujeuri wote ukaisha. Msimpeleke mtoto yeyote kwa mtaalamu wa matamshi kabla hajapimwa masikio, na hili nawaomba mlishike.

Sasa nirudi kwa Kalunde. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado. Mkuu wa shule alipita madarasani akiangalia watoto wa kuingia darasa la kwanza Januari. Alipofika kwa Kalunde akauliza jina, mtoto akanyoosha mkono. Mkuu akanigeukia akasema, "Huyu hapana. Mtoto asiyesema tutamfundishaje kusoma? Akae nyumbani kwanza." Na mimi, ambaye nilijua nani aliyemnyamazisha, nikasema, "Sawa, mkuu."

Mchana Mzee Luhende alikuja kumchukua na baiskeli yake. Alikuwa mzee mfupi, mwenye hasira za karibu, mikono yote ina alama za nyuki. Akaniuliza, "Mwalimu, mjukuu wangu vipi? Nyumbani anaongea, naambiwa hapa ni bubu." Ningemwambia ukweli siku ile ile. Lakini nilishikwa na woga wa kuonekana vibaya, nikatafuta pa kuutupa mzigo, nikaupata haraka sana.

"Mzee," nikasema, "huyu kimeo kinamsumbua. Mkikate, ataongea."

Nyie wa siku hizi labda hamkijui. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, mtoto akilia unakiona kinacheza. Kwetu, na kwa makabila mengi ya huku, mtoto akikohoa sana au akichelewa kusema, watu walisema ni kimeo, akapelekwa kwa fundi kikakatwa. Mimi sikusema kwa ubaya. Nililelewa katika hilo. Changu kilikatwa nikiwa mchanga, na sikuwahi kuona kama ni jambo la kuuliza.

"Kumbe kimeo!" Mzee akasema, na uso wake ukafunguka. "Na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Basi vizuri, Alhamisi nakwenda Inyonga kuangalia mizinga. Nitampitisha kwa fundi." Akanishukuru. Wanangu, alinishukuru kwa mikono miwili.

Nilipanga chumba nyumba moja na muuguzi wa kliniki ya watoto, dada mmoja mcheshi aitwaye Yusta. Jumatano jioni tulikuwa uani tunachambua mchele, nikamsimulia jinsi nilivyompa mzee ushauri. Nilisimulia kwa kujisifu kidogo. Yusta akaacha kuchambua.

"Umemwambia akakate nini?"

"Kimeo."

"Fungua mdomo."

"Wa nini?"

"Fungua, nakwambia." Nikafungua. Akachungulia. "Wewe chako hakipo. Kilikatwa. Sasa mbona ukikasirika unasema 'halaka halaka' mpaka watoto wa jirani wanakuiga?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia sauti zinatengenezwa na ulimi na midomo na meno, na kabla ya hapo zinatengenezwa na masikio. Kile kinyama hakina habari na jina la mtu. Halafu akaniambia kuhusu mtoto mchanga aliyeletwa kliniki kwao kutoka kwa fundi, amefungwa khanga ya njano, na khanga imelowa damu. Alifika hapo akarudi kwenye mchele wake. Hakunimalizia na mimi sikuuliza.

Alfajiri ya Alhamisi nilikwenda mbio Majengo, Mzee Luhende alikokuwa anauzia asali. Nikaambiwa na mama wa duka la pembeni, "Mzee kaondoka na basi la kwanza, na mjukuu wake kapakatwa." Nikasimama pale nikiwa na chaki mfukoni. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya saa moja na nusu. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilipata lori lililokuwa linakwenda Inyonga kuchukua tumbaku, dereva akanipandisha mbele, tukaondoka. Barua ya onyo niliipata wiki iliyofuata, ninayo mpaka leo kwenye sanduku pamoja na vyeti vyangu.

Nadhani safari ile ndiyo inayonirudia zaidi nikilala mchana. Mwezi wa kumi miombo huwa inatoa majani mapya, na majani yake hayaanzi na kijani, yanaanza na wekundu. Pori lote lilikuwa jekundu na la dhahabu, na mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Lori likapita katikati ya wekundu ule saa baada ya saa, dereva haongei, vumbi limenyanyuka nyuma na halitui. Nilijaribu kukumbuka sauti ya Kalunde ya kabla ya ule ufa. Nikagundua sikumbuki alichokuwa anasema hata siku moja, nakumbuka makosa yake tu. Nikaanza kulia kimyakimya, dereva akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma.

Tulifika mchana jua kali. Kwa fundi hapakuwa pa kutafuta sana, kila mtu anapajua. Palikuwa na ua wa matete, akina mama wanne na watoto wao kwenye mkeka, na Mzee Luhende mwishoni na Kalunde kati ya magoti yake. Fundi alikuwa mzee msafi, mtaratibu, amekaa kwenye kigoda anapangusa kisu kidogo kilichopinda ncha. Ndoo ndogo ya asali, malipo ya mzee, ilikuwa pembeni yake. Kabla ya Kalunde ilikuwa imebaki zamu ya mtoto mmoja.

"Mwalimu!" Mzee akashangaa. "Umekuja kutushikia mtoto?"

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba asikatwe."

"Asikatwe? Si wewe ndo ulisema?"

"Nilisema, mzee. Nilikosea."

Akanitazama kama vile nimesema kwa lugha ngeni. "Mwalimu anakoseaje?" aliuliza, na hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua kweli.

Akina mama wakageuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, yote ikapotea. Nikafanya kitu pekee kilichonijia: nikapiga magoti, nikageukia jua, nikafungua mdomo. "Tazama, mzee. Kimo humo?"

Akainama akachungulia. Akamwita fundi, na fundi naye akaja na kisu chake mkononi akachungulia. "Hakimo," fundi akasema, kisha akaongeza kwa heshima ya ufundi, "Aliyekikata aliweza."

"Nilikatwa nikiwa mchanga," nikasema. "Na mama yangu alinisimulia kwamba mpaka miaka saba watu hawakunielewa. Kukatwa hakukunisaidia kitu. Huyu mtoto hana ugonjwa, mzee. Anaongea kwako kila siku. Haongei kwangu kwa sababu nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamnyima uji mpaka akasusa. Mgonjwa ni darasa langu."

Mzee Luhende akamvuta Kalunde karibu. Nikamwona hasira inampanda taratibu, kuanzia shingoni. "Kwa hiyo," akasema, "ulitaka nimkate mjukuu wangu kwa kosa lako."

"Ndiyo, mzee."

Akasimama, akambeba Kalunde begani, akatoka. Hakuniaga. Fundi alimwita kumkumbusha ndoo ya asali, yeye akajibu bila kugeuka, "Kunyweni!" Akina mama wakabaki wananitazama, na mmoja, nilimwona, akamfunga mtoto wake mgongoni akaondoka pia.

Basi la kurudi lilikuwa kesho yake mchana. Mama yake Kalunde, ambaye alikuwa na roho nyepesi kuliko mzee, alinipa mahali pa kulala. Asubuhi mzee akawa anakwenda kuangalia mizinga iliyo karibu, Kalunde akamfuata, na mimi nikafuata nyuma yao bila kualikwa. Nilijaribu kuomba msamaha tena njiani. Mzee akageuka, kidole mdomoni. "Mwalimu, hapa hatupigi kelele. Nyuki hawapendi." Basi nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi kukaa asubuhi nzima karibu na mtoto bila kusema neno.

Na Kalunde akawa anaongea.

Aliongea kwa sauti ndogo, mfululizo, kama maji yanavyochuruzika. Majani mekundu yanatikisika kwa upepo, mwanga umekuwa wa rangi ya chai, na mtoto anatembea anataja kila kitu. "Babu, ndege yuye." Mzee anajibu, "Ehe, ndege yule. Ndege yule ana mkia mrefu." "Babu, tititi imeanguka." "Kweli, sisimizi ameanguka. Sisimizi atapanda tena." Hakumwambia "siyo hivyo" wala "sema tena". Alilichukua neno la mtoto, akalirudisha limekamilika, akaweka na la ziada juu yake, wakaendelea kutembea. Mtoto alikuwa anamtazama mdomo. Mara nyingine alijaribu tena mwenyewe, mara nyingine alipita tu.

Baadaye nilimuuliza mzee nani alimfundisha kuongea na mtoto namna ile. Akaniona mjinga kabisa. "Kufundishwa nini? Naongea naye tu."

Kalunde aligeuka akaniona niko karibu, akanyamaza mara moja. Iliniuma kuliko maneno yote ya babu yake. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakaa juu ya gogo, nikatazama juu kwenye mzinga wa gome uliolazwa kwenye panda la mti. Sijui nilikaa muda gani. Kuna utulivu fulani kule porini, moshi wa mzee unapanda, nyuki wanavuma mbali na karibu, mpaka unasahau una mwili. Nikasikia kitu kinanigusa kiwiko. Kalunde alikuwa amesimama kando ya gogo, ananyoosha kidole juu.

"Mdinga," akasema.

Moyo wangu ukaruka. Ningeweza kumkumbatia, ningeweza kumpongeza mpaka nyuki wote watutokee. Nikajizuia. Nikatazama anapotazama yeye, nikasema polepole, "Ehe, mzinga. Mzinga uko juu sana."

"Duu tana," akasema, na akaenda zake kwa babu.

Hiyo ndiyo elimu yangu, wanangu. Vyeti vingine vilikuja baadaye, semina na mabango, lakini kile nilichokipata kwenye gogo ndicho nilichokula nacho mshahara mpaka nastaafu.

Niliporudi nilibadilisha mahudhurio. Mtoto aliyeitwa aliitikia anavyotaka, kwa "nipo", kwa kupiga makofi, kwa kuruka, na jina langu likafupishwa likawa Mwalimu, likatosha. Niliacha kusimama kama mlingoti. Nilichuchumaa ili mtoto aone midomo yangu inavyofanya. Na nilijifunza kungoja. Mtoto akianza neno likamgomea, usimmalizie. Hesabu kimoyomoyo. Mimi nilihesabu mabati ya paa, yalikuwa kumi na manne kwa upande, na ni mara chache sana nilifika la mwisho.

Siku kumi na moja baadaye, kwenye foleni ya uji, Kalunde alinyoosha kikombe chake akaniambia, "Udi wa moto." Nikasema, "Kweli, uji wa moto. Tuupulize." Tukaupuliza. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na wapishi wakadhani ni moshi. Mwezi wa kumi na mbili nilimpeleka kwa mkuu wa shule na picha tano. Alizitaja zote, mkuu akaelewa tatu. "Nusu nusu," mkuu akasema. Nikamwambia nusu inatosha, nusu nyingine itamkuta darasani. Januari akaingia darasa la kwanza.

Msidhani baada ya hapo niliacha kukosea. Mzee Luhende, hasira zilipomtoka, aliniletea chupa ya asali. Nami nilikuwa nimesikia mahali kwamba ukimpaka mtoto asali juu ya mdomo akailamba, ulimi unapata nguvu ya kutamka. Nikaanza. Watoto sita wenye matatizo, kila asubuhi tone moja juu ya mdomo, wanalamba kwa bidii ya ajabu. Siku ya tatu nikapata wagonjwa kumi. Wiki ya pili darasa zima halikuweza kusema "samaki", hata mtoto wa katekista aliyekuwa anakariri sala kanisani bila kukosea. Wote "tamaki", wote wametoa ndimi nje. Na sisimizi wakahamia darasani. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa matamshi aliyekuja kutupa semina alinieleza kwa upole kwamba ulimi unaolamba unajifunza kulamba. Kutamka unajifunza kwa kutamka.

Alituonyesha njia nzuri zaidi, nayo haihitaji asali. Chukua sauti moja tu, usikamate zote. Kabla hujamtaka mtoto aiseme, hakikisha anaisikia. Mimi nilitumia vizibo vya soda: nikitaja neno lenye s, mtoto anaweka kizibo kwenye kopo jekundu, nikitaja lenye t anaweka kwenye la bluu. Nilikosea kwa makusudi ili wanikamate, na hakuna kitu mtoto anapenda kama kumkamata mwalimu. Sikio likishazijua sauti mbili, mdomo unafuata kwa wakati wake. Dakika kumi kwa siku, kwa kucheza. Mtoto akichoka, funga kopo.

Na jambo hili nalisema kwa sauti kubwa: lugha ya nyumbani si ugonjwa. Hapa Katavi mtoto anakuja na Kisukuma, Kifipa, Kibende, Kirundi, na sauti za kwao anakuja nazo. Nimewahi kuwaona walimu wakiwaandikia wazazi waache kusema na mtoto lugha yao. Muulizeni mzazi swali moja tu: "Kwa lugha yenu anaongea vizuri?" Akisema ndiyo, mtoto hana shida, anajifunza lugha ya pili kama mimi na wewe. Akisema hata huko hatumwelewi, au alikuwa anaongea sasa anapoteza maneno, au chakula kinamtokea puani, huyo apelekwe hospitali, na mwalimu asikae kubahatisha.

Kalunde alichukua miaka miwili na zaidi kunyooka ulimi. Ile r ilimjia akiwa darasa la tatu, nasikia ilimjia kwenye mchezo wa kuruka kamba. Mimi sikuwepo. Nilitaka sana niwepo. Halafu babu yake akafariki, mama yake akamchukua, na nikapoteza habari zake.

Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kuchukua dawa zangu za presha. Nikakaa kwenye benchi, na kama kawaida yangu nikaanza kusinzia, sauti zikaanza kuja. Katikati ya zile za ndotoni nikasikia moja ya kweli kutoka dirisha la mapokezi, safi, kila herufi imesimama mahali pake: "Restituta Kasanda!"

Nikainuka. Dirishani alikuwa dada wa sare, mwembamba, macho makubwa. Aliandika kadi yangu, kisha akaniangalia. "Shikamoo Mwalimu. Hunikumbuki."

Nilimkumbuka kwa macho. Nikaitikia, nikashika ukingo wa dirisha. Kuna neno nilikuwa nimemtunzia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwomba babu yake msamaha, nilimwomba mama yake, yeye mwenyewe sikuwahi, kwa sababu alikuwa mtoto na wakati ule hatukuwa tunawaomba watoto msamaha. "Kalunde," nikaanza, "ile siku ya..." Neno likanigomea. Nikajaribu tena, likagoma. Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa, mtu mmoja akasema, "Mama, tunachelewa."

Kalunde hakunimalizia. Hakusema usijali, wala hakutazama saa. Aliweka kalamu chini, akanitazama mdomo, akangoja. Nadhani juu ya paa la zahanati ile kuna mabati mengi kuliko darasani kwangu, na alikuwa tayari kuyahesabu yote.

"Ile siku ya ufa," nikasema hatimaye. "Nilikukosea. Nisamehe."

"Naukumbuka ufa," akasema. "Ulikuwa na sisimizi. Niliwahesabu ili nisilie." Akachukua kalamu yake tena. "Na Inyonga naikumbuka. Babu alisimulia mpaka anakufa, mwalimu kapiga magoti kwa fundi kafungua mdomo kama kifaranga." Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono. Kisha akanisogezea kadi yangu, akainama karibu na dirisha ili foleni isisikie.

"Mwalimu Tetituta," akaita.

"Nipo," nikasema.